Moto Haufinyi Tundu

Mazungumzo ya fundi mzee wa pikipiki wa Unga Limited, Arusha, na kijana anayejifunza kazi.



MZEE: Hiyo blok mbona imevunjika mapezi?

KIJANA: Ni nyundo, babu. Slivu, hili bomba la ndani, imegoma kutoka. Hedi nimefungua, pistoni nimetoa, blok nimeisafisha kwa petroli...

MZEE: Habari za kufungua niondolee, kila mtoto wa gereji anazijua. Nauliza, uliipasha moto?

KIJANA: Hapana. Mwenzangu alinikataza. Alisema chuma kikipata moto kinavimba, na kikivimba tundu linafinyika, kwa hiyo slivu ingebanwa zaidi.

MZEE: Nilijua tu. Neno hilo nimelisikia Kilombero, nimelisikia Sakina, nimelisikia mpaka Usa River, na kila linaposemwa kuna blok ya mtu inapigwa nyundo. Shika hili kabla ya lingine lolote: tundu la chuma likipata moto linapanuka. Halifinyiki.

KIJANA: Lakini babu, chuma si kinavimba kila upande? Kikivimba nje, na ndani nako si kitajaa?

MZEE: Chukua pete ya chuma. Ikate mahali pamoja, uinyooshe. Umepata nini?

KIJANA: Ufito.

MZEE: Upashe moto. Unarefuka au unafupika?

KIJANA: Unarefuka.

MZEE: Ukiwa bado wa moto, ukunje tena uwe pete. Pete ya ufito mrefu na pete ya ufito mfupi, ipi ina tundu kubwa?

KIJANA: Ya ufito mrefu.

MZEE: Basi umeshajijibu. Ukingo wa ndani wa tundu nao ni chuma, nao una urefu wake. Ukipata moto, chembe zake zinasukumana na kuachana, kila moja inataka nafasi. Ili tundu lifinyike, chembe za ukingo ule zingelazimika kubanana, na kubanana ni kazi ya baridi, si ya moto. Kapige picha studio, wakukuzie. Uso unakua, na tundu la pua linakua nao. Umewahi kuona picha iliyokuzwa tundu la pua likaziba?

KIJANA: Sijaona. Ila kuna jambo linanisumbua. Bodaboda akipandisha abiria wawili na gunia kuelekea Ngaramtoni, injini inachemka, inanoki. Pistoni inakwama palepale. Si tundu limefinyika?

MZEE: Hapo ndipo mnapopotea wote! Mnaona pistoni imekwama, mnalaumu tundu. Pistoni ni ya alumini na slivu ni ya chuma cha kusubu. Kwa kila digrii moja ya joto, alumini hurefuka sehemu kama 23 katika milioni ya urefu wake, na chuma kile sehemu kama 11. Tena pistoni ndiyo inayopigwa na moto wa mlipuko, wakati slivu inapozwa kwa upepo na mapezi ya blok. Pistoni ina moto zaidi na inatanuka zaidi kwa kila digrii. Tundu nalo limepanuka, ila pistoni imelipita. Aliyenenepa ni mgeni, mlango haukupungua. Ndivyo watu wanavyohukumiana mitaani, anashikwa aliyekutwa mahali pa tukio na hakuna anayeuliza nani alisogea. 

KIJANA: Kwa hiyo hata injini ikinoki, tundu limepanuka?

MZEE: Limepanuka! Nitakuonyesha na ushahidi wa kinyume. Kuna viinjini vidogo vya magari na ndege za kuchezea, vinavyotumia methanoli iliyochanganywa na nitromethane. Vingi slivu yake ni ya shaba ya njano, na pistoni ni ya alumini iliyotiwa silikoni nyingi ili isitanuke sana. Kiwandani tundu hulifanya jembamba kidogo upande wa juu. Kikiwa baridi, pistoni ikifika juu inabana, unazungusha kwa taabu. Wenye navyo hukipasha kwanza kwa mashine ya kukaushia nywele, na kikipata joto kinazunguka vizuri. Kama moto unafinya tundu, kingelegea vipi?

KIJANA: Kisingelegea.

MZEE: Na reli je? Reli ilifika Arusha mwaka 1929, na gurudumu la injini ya mvuke lilivishwa tairi la chuma. Tairi lile tundu lake ni dogo kuliko gurudumu lenyewe. Wanalipasha likapanuka, wanalivisha, likipoa linang'ang'ania. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na injini 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima yetu. Namba 5903 iliitwa Mount Meru, mlima huuhuu unaouona hapo. Zilivuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi. Kama mwenzako anasema kweli, matairi ya Mount Meru yasingevalika.

KIJANA: Nimekubali, babu. Sasa nifanyeje na hii?

MZEE: Blok yako ni alumini, slivu ni chuma. Tuseme slivu kwa nje ina kipenyo cha milimita 60. Ongeza joto digrii 150. Tundu la blok litapanuka sehemu mbili za kumi za milimita, slivu itatanuka sehemu moja ya kumi. Inabaki sehemu moja ya kumi, unene wa karatasi ya daftari. Karatasi hiyo ndiyo inayokutolea slivu, wala si mkono wako.

KIJANA: Niichemshe kwenye sufuria la maji?

MZEE: Arusha tuko juu, mita 1,400 hivi, maji yetu huchemka kwenye digrii 95 tu. Kwa maji unapata nusu ya karatasi, na slivu iliyokazwa inataka zaidi. Tumia jiko la mkaa. Petroli yote ikauke kwanza, usije ukaungua. Weka bamba la chuma juu ya jiko, weka vipande viwili vya chuma, uilaze blok juu yake, upande wa hedi ukitazama chini, kwa sababu ukosi wa slivu uko upande huo na ndiko inakotokea. Uiachie nafasi ya kuanguka. Funika kwa sufuria kuukuu, usubiri.

KIJANA: Nitajuaje imefika?

MZEE: Gusisha waya wa kulehemu redio ubavuni mwa blok. Ule wa risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye digrii 183. Ukiyeyuka, inatosha. Usingoje iwe nyekundu! Alumini haikuonyi kama chuma, inaanguka kabla hujaona wekundu wowote. Na kama una papara, kazi hii iache. Mtu akishindwa kufikiri anaongeza nguvu, na wengi wanafanya hivyo hata kwa wake zao na watoto wao.

KIJANA: Isipoanguka?

MZEE: Gonga taratibu kwa mpini wa mti, kutoka juu. Ikigoma kabisa, ujue slivu hiyo ilizaliwa na blok. Alumini ilimiminwa juu yake, na mgongo wake umekwaruzwa ili ishike. Hiyo haitolewi kwa moto, ni ya fundi wa kukereza. Mwambie mwenye pikipiki kabla hujamla hela yake, si baada.

KIJANA: Na ya kuingiza?

MZEE: Moto uleule. Blok ya moto, slivu ya baridi. Itazama yenyewe, uibane ukosi mpaka ishikwe, maana inapopoa hupenda kunyanyuka.

KIJANA: Nimwagie maji ipoe haraka?

MZEE: Thubutu! Upande mmoja utapoa kabla ya mwingine, tundu lipinde. Iache ipoe yenyewe mpaka kesho. Ndipo uipeleke kutobolewa, pamoja na pistoni mpya, wapime tundu kwa pistoni ile. Usitangulie kutoboa, kwa sababu blok ikipoa inaibana slivu na kipimo chako kinapungua. Huko ndiko kufinyika kwa kweli, na kumeletwa na baridi.