Kibao cha Keki Kubwa: Namna ya Kukichagua au Kukitengeneza

Keki ya harusi au ya sendofu iliyookwa nyumbani hula siku kadhaa za kazi na fedha nyingi, lakini kibao cha kuibebea huchaguliwa kwa dakika moja, pengine kwa kigezo cha kung'aa tu. Keki itokayo Kariakoo kwenda Kigamboni hupanda bajaji, hushushwa Magogoni, huingia kivukoni na kupakiwa tena ng'ambo. Safari nzima, uzito wote uko juu ya kibao. Kikipinda kidogo tu katikati, aisingi hupasuka, na wageni wakiwa wamekwisha kuketi hakuna muda wa kuipaka upya.

Uzito hukua haraka kuliko macho yanavyodhani. Keki ya duara yenye upana wa sentimita 40 ni nzito mara nne ya ile ya sentimita 20 yenye kimo kilekile. Kwa bahati njema, unene nao una nguvu zake: kibao cha aina ileile kikiongezwa unene mara mbili, ukakamavu wake huongezeka takriban mara nane. Karatasi ngumu ya milimita 3 inatosha keki ndogo ya siku ya kuzaliwa. Kwa keki ya kilo 8, tafuta kibao cha milimita 12 hivi, kinachoizidi keki kwa sentimita 5 kila upande ili vidole visiguse aisingi. Dukani, kibonyeze ukingoni kwa kidole gumba. Kikibonyea au tabaka zikiachana, kirudishe rafuni, hata kama kina rangi ya dhahabu.

Anayetaka kutengeneza mwenyewe amwombe seremala amkatie plaiwudi mpya au MDF. Vipande vilivyotumika kumwagia zege tunavikataa kabisa, kwani huwa vimepakwa mafuta. MDF nayo ni nyuzi za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi, hivyo isiguse chakula. Ivishe foili pande zote, kisha tandika karatasi ya kuokea kabla ya kuweka keki, hasa keki ya matunda au yenye limau, kwa kuwa asidi hula foili. Karatasi ya kufungia zawadi hupendeza, lakini wino wake haukutengenezwa kwa ajili ya chakula. Gundisha vijiti viwili chini ya kibao. Bila hivyo, kukiinua mezani ni mateso. Asiye na seremala aweza kugundisha vipande vinne vya boksi, mistari ya kila kipande ikikatisha ile ya kipande cha chini yake, na kuviacha vikauke vyema, maana unyevu wa pwani hulainisha boksi.

Siku moja kabla ya shughuli, kilaze kibao juu ya matofali mawili, kila ukingo kwenye tofali lake. Pakia unga na sukari vyenye uzito sawa na wa keki, ukiache saa nzima, kisha tazama kwa rula. Kikiwa kimepinda, bado una nafasi ya kuongeza cha pili.

Unaponunua, mwambie muuzaji waziwazi keki itakuwa na kilo ngapi. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura 214, mnunuzi akimweleza mfanyabiashara wa bidhaa hiyo matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa hupaswa kufaa kwa matumizi hayo. Aliyesema tu "nipe kile cha dhahabu" atapata taabu kuthibitisha dai lake. Omba uzito huo uandikwe kwenye risiti. Kibao kikivunjika, usikitupe: kipige picha, umrudie muuzaji kwanza, na msipoelewana peleka lalamiko Tume ya Ushindani. Lile tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halimwondolei muuzaji wajibu kwa bidhaa mbovu. Lakini uliyetaja kilo 5 ukapakia 9, huna dai.