Ongea na Seva kwa Mkono

Wiki ya usajili ikifika, kila korido ni lawama zilezile: "Tovuti imekufa." Huyu analaumu bando, yule simu yake, mwingine watu wa IT. Kumbe tatizo lilipo panajulikana, na si lazima uwe umesoma kompyuta. Mimi nasoma ualimu.

Itifaki nyingi za zamani za intaneti ni maandishi matupu. HTTP, inayoleta kurasa za wavuti, ni mazungumzo tu: programu yako inaandika ombi, seva inajibu. Kivinjari hufanya hayo kimyakimya, lakini unaweza kuyafanya mwenyewe kwa telnet, programu ndogo ambayo chimbuko lake ni mwaka 1969. Kwenye Windows ipo ila imezimwa. Iwashe kupitia Windows Features. Fungua terminali, andika:

telnet example.com 80

Hiyo 80 ni poti, yaani mlango ambao HTTP husikilizia. Ikiunganika, endelea, tena chapchap, maana seva hazina subira:

GET / HTTP/1.1
Host: example.com
Connection: close

Mwishoni bonyeza Enter mara mbili. Mstari ule mtupu ndio unaosema "nimemaliza"; usipouweka, seva inakusubiri wewe, nawe unaisubiri yenyewe. Ukija mstari wenye 200 OK, mambo safi. (example.com imetengwa kwa ajili ya mifano, humsumbui mtu.)

Sasa jaribu tovuti inayokugomea. Jina lisipopatikana kabisa, kagua kwanza tahajia na mtandao wako. Ukiambiwa "Connection refused", mara nyingi mashine umeifikia, ila hakuna programu inayosikiliza mlangoni. Ikikaa kimya mpaka muda uishe, ombi limepotelea njiani au ukuta wa ulinzi umelimeza. Na ukijibiwa 503, seva ipo hai ila imeelemewa au iko matengenezoni. Hapo kununua bando jipya ni kutupa hela, bwana. Kalale, jaribu alfajiri.

Tovuti nyingi siku hizi zitakujibu 301, zikikuelekeza HTTPS, poti 443, ambako mazungumzo yamefichwa kwa msimbo. Telnet haiyawezi hayo. Tumia openssl s_client -crlf -connect example.com:443, kisha andika maneno yaleyale.

Barua pepe ndiyo iliyonishangaza zaidi. SMTP, iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, inakwenda hivi: mtumaji anataja MAIL FROM, halafu RCPT TO, halafu DATA, kisha barua yenyewe inayofungwa kwa nukta peke yake kwenye mstari. Jina la "From" unaloliona kwenye simu limo ndani ya barua, na mtumaji ndiye aliyeliandika. Itifaki ya awali haikumdai kitambulisho! Kwa hiyo barua "kutoka ofisi ya uhasibu" inayotaka nywila yako kabla ya saa sita usiku inaweza kuwa imeandikwa na yeyote, popote. (Ukitaka kujaribu SMTP, tumia seva yako au uliyoruhusiwa.)

Baadaye ziliongezwa SPF na DKIM ili anayepokea aweze kuhakiki. Kwenye Gmail ya kompyuta, fungua barua, bonyeza nukta tatu, chagua "Show original". Ukiona FAIL, usiguse kiungo chochote. PASS nayo inathibitisha domeini tu, siyo nia ya mtu, hivyo isome hiyo domeini herufi kwa herufi.