SOMO: MANENO YA KARATASI YA KUOMBA FEDHA YA SERIKALI



Sisi wote wa Kalemie tunajua taabu ya maji. Kolera inarudi mara kwa mara kwa wale wanaochota maji ya ziwa na ya mito. Ziko fedha za watu wote zinazoweza kusaidia, kama zile za Fonds Social ya Jamhuri, iliyoundwa mwaka 2002 kwa kazi za jamii. Lakini karatasi za kuomba zinaandikwa kwa Kifaransa, na neno likieleweka vibaya ombi linaanguka. Tena, kila neno unaloandika ni ahadi: siku ya ukaguzi utaulizwa hilo hilo. Basi tujifunze maneno haya kwa mfano wa kisima cha mtaa.

1. Personnalité juridique. Ni hali ya kutambuliwa kisheria na Serikali. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inahusu mashirika yasiyotafuta faida, pamoja na makanisa. Waziri wa Sheria ndiye anayeitoa.

2. Subvention. Si mkopo, maana hairudishwi ikitumika sawasawa. Wala si zawadi ya kugawana. Ni fedha ya kazi ile iliyoandikwa tu. Ukiitumia kwa jambo lingine, hata jambo jema, utadaiwa.

3. Objectif, activité, résultat. Wengi wanayachanganya. Objectif ni badiliko tunalotafuta: kolera ipungue mtaani. Activité ni kazi yenyewe: kuchimba kisima, kufundisha komite ya maji. Résultat ni kile kinachopatikana kazi ikiisha: kisima kinatoa maji safi. Ukiandika kwamba objectif ni kuchimba kisima, msomaji atauliza: ili iweje?

4. Indicateur. Ni alama ya kupimia. “Watu watafurahi” haipimiki. “Jamaa 120 zinachota maji kisimani kila siku” inahesabika. Andika pia hesabu ya kabla ya kazi, ili tofauti ionekane.

5. Bénéficiaires. Ni wale watakaofaidika. Si komite, wala si waumini wetu peke yao. Kisima cha fedha ya watu wote hakimwulizi mtu anasali wapi.

6. Contribution locale. Ni sehemu yetu sisi wenyewe: mchanga, mawe, kazi ya mikono. Vyote vinaandikwa kwa thamani ya fedha. Usiahidi mifuko 20 ya simenti kama hujui itatoka wapi. Somo la Luka 14:28 linatuonya: hesabu gharama kwanza.

7. Pièces justificatives. Ni karatasi za kushuhudia matumizi: facture, reçu, orodha ya malipo yenye sahihi. Mwenye kuuza mchanga asipokuwa na facture, mwandikie reçu, atie sahihi siku ile ile. Usingoje mwisho wa mwezi.

Mpendwa, usione haya kuuliza maana ya neno kabla ya kutia sahihi. Kuuliza hakugharimu hata franka moja, lakini ahadi usiyoielewa inaweza kuwanyima watu maji.

MASWALI YA KUJIPIMA
a) “Kujenga vyoo vya shule”: ni objectif au activité?
b) Komite inaweza kulipa deni la kanisa kwa subvention ya kisima? Kwa sababu gani?
c) Andika indicateur moja inayohesabika kwa mtaa wako.