Mmoja Wenu Akiugua: Sala na Dawa Nyumbani



Miaka michache iliyopita, mzee mmoja wa kigango chetu aliokotwa shambani akiwa hajitambui. Alikuwa na kisukari cha kudungwa insulini kila siku, lakini kwa siku nne hakuwa ameigusa sindano. Mkewe alikuwa amehudhuria mkutano wa maombi ya uponyaji, na huko akaambiwa kwamba mgonjwa anayeendelea na dawa baada ya kuombewa anamwonyesha Mungu mashaka. Mzee alikubali kuacha ili asimvunje mkewe moyo.

Hospitalini aliokolewa, lakini sasa ndoa yao ndiyo ikaugua. Mama alisema, "Baba, kama ungeamini kweli ungepona." Naye mzee akajibu, "Ulitaka kuniua." Wakawa wanakaa nyumba moja bila kusemezana. Mimi katekista nilikwenda nikawasomea mistari mingi ya Biblia, nikaondoka nikidhani nimefanya kazi. Haikusaidia kitu.

Tuanze na neno hilo la mama, maana linasemwa katika nyumba nyingi. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake wa mwilini, na hakuondolewa (2 Wakorintho 12:7-9). Je, Paulo alikosa imani? Tena wanafunzi walipouliza ni dhambi ya nani iliyosababisha mtu azaliwe kipofu, yake au ya wazazi wake, Bwana aliikataa hesabu hiyo (Yohane 9:1-3). Basi mke asimfanyie mumewe hesabu hiyo, wala mume asimfanyie mkewe.

Kuhusu dawa, someni pamoja Yoshua bin Sira 38:1-14. Mgonjwa anaambiwa asali na kutubu, na katika sura hiyo hiyo anaambiwa ampe daktari nafasi yake, kwa kuwa naye amewekwa na Mungu. Hata kule Lourdes, Ufaransa, ambako wagonjwa wengi huenda kuhiji, kuna ofisi ya madaktari tangu 1883. Anayesema ameponywa huulizwa vyeti vyake vya hospitali. Taarifa zilizopelekwa huko zimepita 7,000, na zile ambazo Kanisa limekubali kuwa miujiza ni 70 na kidogo tu. Kanisa halina haraka katika jambo hili, nasi tusiwe nayo.

Kumbukeni pia kwamba kisukari, presha na virusi vya Ukimwi ni magonjwa ambayo kwa kawaida dawa huyatuliza bila kuyaondoa. Mtu hujisikia vizuri kwa sababu anameza dawa. Akidhani amepona na kuziacha, ugonjwa hurudi kimya kimya. Anayeamini ameponywa amshukuru Mungu, kisha aende akapimwe, na daktari ndiye aamue kama dawa zipunguzwe.

Mtaniuliza, sasa sala ina kazi gani? Hapo nami nilijifunza. Ugonjwa wa muda mrefu huleta nyumbani hasira, gharama, aibu, na hofu ya ujane ambayo hakuna anayeitaja. Vidonge haviondoi hayo. Tulimwita Padre. Alipoingia na mafuta, mzee alishtuka: "Kumbe nakufa?" Wengi wetu tulilelewa hivyo, tukingoja mpaka mgonjwa ameshindwa kusema ndipo tumwite Padre. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba Mpako si wa wale tu walio katika dakika za mwisho, na Papa Paulo VI akatengeneza upya ibada yake mwaka 1972. Mgonjwa aliye katika hali ya hatari, mzee aliyedhoofika, na anayengoja upasuaji kwa sababu ya ugonjwa mkubwa, wote wanaweza kupakwa. Hali ikizidi kuwa mbaya, anaweza kupakwa tena. Sisi makatekista hatuwezi kumpaka mtu; ni kazi ya padre (Yakobo 5:14-15), kwa hiyo msiseme "katekista amekuja, inatosha."

Padre aliwaungamisha kwanza, kila mmoja peke yake, kisha akampaka mzee kwenye paji la uso na mikononi. Kisukari hakikuondoka. Lakini jioni ile mama aliomba afundishwe kudunga sindano. Tangu hapo ndiye anayemdunga, na kabla ya kudunga husali Baba Yetu pamoja. Sala ndefu hawana, maana mzee hungoja chakula chake.

Nawashauri wenye ndoa wasingoje ugomvi kama ule. Mwambieni mwenyekiti wa Jumuiya mapema ili Padre apate habari. Siku atakapokuja, wekeni meza ndogo yenye kitambaa safi, msalaba na mshumaa, na mke au mume awepo chumbani, asijifiche jikoni akipika chai. Dawa za mgonjwa ziacheni pale pale zilipo. Hakuna haja ya kuzificha.