Safari ya Gofu ya Kikundi: Ahadi Iandikwe

Tuchukue mfano wa wachezaji 12 wa Nairobi wanaolipia safari ya gofu Pwani. Wameahidiwa raundi mbili za mashimo 18. Wanapofika, uwanja umetengewa mashindano. Wanaruhusiwa mashimo 9 tu, na kila wakiuliza wanaambiwa wasubiri. Fedha zote zimepitia kwa kiongozi wao, na stakabadhi ina jina lake pekee. Je, wengine 11 watadai kwa ushahidi gani?

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Hata hivyo, haki isiyo na ushahidi ni vigumu kuitetea. Kwa hiyo tunashauri:

1. Kabla ya kulipa, pateni kwa maandishi tarehe, saa za kucheza, idadi ya mashimo na masharti ya kurejeshewa fedha. Orodha ya washiriki na malipo yao iambatanishwe.

2. Kasoro ikitokea, mwelezeni meneja papo hapo, wakati bado anaweza kuirekebisha. Hifadhini ujumbe na picha.

3. Mkirudi, andikeni barua moja ya pamoja, mkitaja kilichoahidiwa, kilichotolewa na kiasi mnachodai.

4. Mkipuuzwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Manung'uniko ya njiani hayarejeshi fedha. Maandishi yaliyotunzwa huweza kuzirejesha.