MIALE YA LEZA NA NGOZI NYEUSI

Leo tuingie katika jambo ambalo wengi husema ni la wazungu na matajiri tu: kupunguza makunyanzi ya uso kwa mwanga. Si kwa kisu, si kwa mafuta ya kopo.

Leza ya kwanza iliwashwa na Mmarekani Theodore Maiman mwaka wa 1960, naye alitumia jiwe la rubi. Taa ya kawaida hutoa rangi nyingi na kuzitawanya. Leza hutoa rangi moja, na miale yake huenda pamoja. Mnamo 1983 madaktari Rox Anderson na John Parrish walieleza jinsi mwanga wa rangi fulani unavyoweza kupasha joto kitu kimoja mwilini na kukiacha kilicho jirani. Hapo ndipo penye utamu wake, na ndipo penye hatari.

Ndani ya ngozi mna nyuzi za kolajeni, zinazoushika uso kama fito zinavyoshika nyumba ya udongo. Umri na jua huziharibu, ngozi ikajikunja. Leza isiyochubua hupita juu bila kuacha kidonda, ikapasha joto huko ndani, nao mwili huanza kujenga kolajeni mpya. Kazi hiyo ni ya miezi, tena mtu hurudi mara kadhaa. Anayekuahidi kuwa utatoka kigoli siku hiyo hiyo, anakuchezea bwana!

Sasa, sisi weusi. Melanini, ile rangi yetu, hunyonya mwanga. Mwanga wa mawimbi mafupi, tuseme ule wa rubi wenye nanomita 694, hunaswa pale juu kabla ya kufika ndani. Matokeo yake ni kuungua na kubaki na mabaka. Ule wa nanomita 1064 melanini huunyonya kidogo, kwa hivyo hupendelewa kwa ngozi kama zetu. Hata huo wataka mkono wa daktari wa ngozi.

Shangazi yangu huuza nguo sokoni. Zamu yake ya chama ilipokaribia, alitaka kuzipeleka pesa zote kwa saluni moja iliyobandika tangazo la leza. Nikamwambia, "Shangazi, waulize kwanza mashine yao ni ya nanomita ngapi." Akacheka. "We mtoto na Fizikia yako!" Lakini aliniruhusu kuandika 1064 nyuma ya kadi yake ya chama. Alienda, akauliza. Yule msichana wa saluni alimjibu kuwa mashine ni ya stima.

Pesa bado anazo. Kwa sasa amenunua kofia pana.