Dondoo muhimu: Baba kwenye mkeka wa judo

Ukitafuta mchezo wa kujifunza pamoja na mwanao, anza na judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882. Somo la kwanza ni kuanguka: kidevu kifuani, mgongo mviringo, kiganja na mkono vikipiga mkeka, kichwa kisiguse chini. Ujuzi huo utakufaa hata bafuni penye utelezi. Goti au mgongo ukikusumbua, mwambie mwalimu mapema.

Faida kubwa zaidi ni hii: ukibanwa, unamgonga mwenzako au mkeka mara mbili naye anakuachia papo hapo. Mtoto akikuona baba yake ukikubali kushindwa, kisha ukimwinamia kwa heshima aliyekuangusha, anajifunza kutawala hasira vizuri zaidi kuliko kwa maonyo yoyote.

Kateni kucha kabla ya mazoezi, zako na zake.